Shajara ya 109: kusaka spea na kuamua kabureta

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nimeamua kuandika kwenye daftari, maana mwaka jana nilibadilisha platini (vile vidole vya chuma vinavyokata na kuunga umeme wa moto wa plagi) mara mbili nikiwa nimesahau nilichofanya mara ya kwanza. Gari lenyewe ni Land Rover Series III, pikapu ya 109 (inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25, cc 2,286. Mzee wetu alilinunua mnadani mwaka 1994. Limebeba ndizi, mawe ya msingi, ng'ombe mmoja mgonjwa na maharusi wawili, kila mmoja siku yake. Sasa liko kwangu Ngaramtoni, kazi yake ni kubeba pumba na matangi ya maji.

Shida: likiwa sailensa, yaani linawaka bila kukanyagwa mafuta, linatoa moshi mweusi na kutetemeka hadi kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Kwenye matuta linazima. Juzi nimeweka lita 20 nikaenda kilomita 68 tu. Gari la aina hii likiwa na afya halinywi kidogo, lakini kilomita 3.4 kwa lita ni kumwaga pesa barabarani.

Ushauri ninaopewa kila nikisimama ni uleule: "Kaka, toa hiyo mashine, weka 3L." Siwalaumu. Hapa Arusha 109 nyingi zimeshawekewa dizeli ya Toyota na zinakwenda vizuri. Ila kununua injini, kuunganisha gia boksi, kuchonga maunti mpya na kubadilisha rejeta ni pesa ya kununua ng'ombe watano, na mimi gari hili nalitumia siku tatu kwa wiki. Petroli inabaki. Nitatafuta ugonjwa kwanza, ndipo ninunue dawa.

Leo nimetoa plagi tu. Zote nne nyeusi, masizi makavu ya kushika vidole. Ya pili ina unyevu wa petroli. Kwa hiyo mafuta yanazidi, au moto wa plagi ni mdogo, au vyote.

Jumanne, 11 Februari

Nimeanza na moto. Sababu ni moja tu: spea za moto ni za bei rahisi kuliko kabureta, na moto dhaifu unachafua plagi vilevile kama kabureta inayomwaga.

Nimefungua kofia ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Ndani kuna mstari mwembamba mweusi unaotoka nguzo ya plagi ya 3 hadi ya 4, kama njia ya sisimizi. Huo ni ufa, na moto unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Platini zimeungua upande mmoja, na pengo lake lilikuwa karibu 0.6 mm wakati linatakiwa kati ya 0.35 na 0.40. Pengo likiwa pana hivyo koili haipati muda wa kujaa.

Nikatoa rota nikaiweka mfukoni, nikaenda nayo Unga Limited. Dukani ukiwaambia "kofia ya distributa ya Land Rover" hawasogei hata kiti. "Leta sampo." Nikatoa rota. Jamaa akaiangalia, akaleta kofia, rota na platini, nikalipa, nikarudi nyumbani nafurahi. Kofia haikai. Rota inacheza kwenye mhimili.

Distributa yangu ni Lucas 45D, nilichopewa ni vya 25D, distributa ya zamani kidogo. Ukiziweka mezani zinafanana kama watoto wa baba mmoja. Kosa ni langu: nilipeleka kipande badala ya kitu kizima. Jioni nimepiga alama kwa patasi kwenye distributa na kwenye bloku ili taimingi isipotee, nimefungua boliti moja, nimeitoa yote na kuifunga kwenye taulo.

Jumatano, 12 Februari

Nimerudi na distributa kwenye taulo. Muuzaji akacheka: "Leo umekuja na mgonjwa mwenyewe." Amenibadilishia bila kelele. Kofia, rota, platini na kondensa, jumla 58,000. Kondensa nimemwambia anipe mbili, maana kondensa mpya za siku hizi huwezi kujua ipi itakufia njiani.

Nimefunga, nimepanga waya kwa mfuatano wa 1-3-4-2, nimeweka platini 0.38. Gari limewaka kwa stata moja. Bado linatoa moshi mweusi, ila sasa linatoa moshi mweusi kwa mpangilio, silinda zote nne.

Jumapili, 16 Februari

Tapeti leo, yaani mapengo ya valvu, baada ya kanisa. Hesabu yake ni nzuri kwa mtu asiye na msaidizi: valvu nane, unatafuta jumla ya tisa. Ya 8 ikiwa imefunguka hadi mwisho, unapima ya 1. Ya 6 ikifunguka, unapima ya 3. Pengo lote ni 0.25 mm. Mbili zilikuwa zimebana kabisa hadi fila geji haikuingia, na mojawapo ni ya silinda ya nne.

Nikapima mgandamizo huku nimekanyaga mafuta hadi chini: 135, 130, 132, na ya nne 110. Baada ya kurekebisha tapeti na kuzungusha tena, ya nne imepanda hadi 124. Kwa injini ya umri huu, na kwa mji ulio mita kama 1,400 juu ya bahari, sina malalamiko. Hakuna sababu ya kufungua silinda hedi.

Nikafungua na chujio la hewa, lile la bakuli la oili. Ndani hakukuwa na oili, kulikuwa na udongo wa kufinyangia chungu, na wadudu wawili. Injini inayovuta hewa kupitia tope lazima inywe mafuta mengi. Nimeosha kwa petroli, nimeweka oili hadi kwenye alama. Moshi umepungua nusu. Nusu iliyobaki haina tena pa kujificha.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kabureta. Nimetoa bomba la hewa, nimewasha gari, nimechungulia kwenye koo la kabureta kwa tochi. Gari likiwa sailensa, pale katikati ambapo pana mdomo mdogo wa kutolea mafuta, hapatakiwi kutoka kitu. Sailensa ina njia yake nyingine chini ya kipepeo, kile kibamba kinachofungua na kufunga koo. Kwangu palikuwa panadondoka tone, linatulia, linadondoka lingine, kama bomba la mtaani lisilofungwa vizuri. Ukizungusha skrubu ya mchanganyiko, ndani au nje, injini haijali. Haiwezi kujali, kwa sababu mafuta yanaingia kwa mlango mwingine.

Jina limeandikwa ubavuni: Zenith 36 IV. Namba 36 ni kipenyo cha tundu la kipepeo kwa milimita. Hii ndiyo iliyofungwa kwenye Series III za petroli, na kwenye orodha za spea ukiitafuta nzima ni ERC2886. Zile za zamani zaidi, za Series II na IIA za mwanzo, zilikuwa na Solex 40.

Nimeitoa na kufungua kifuniko. Ndani yake, kwa chini, kumefungwa bloku ndogo inayobeba jeti (vitundu vya kupimia petroli), na kati yake na kifuniko kuna o-ringi (mpira wa duara wa kuziba) na uso wa chuma kwa chuma. Ukishalegea hapo, petroli inavutwa kila saa hata isipoitwa. Nimeweka rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko, tochi nyuma yake. Mwanga unapita katikati, unakwisha pembeni. Kifuniko kimepinda. Kuna mtu, miaka ya nyuma, alikaza skrubu za pembeni kwa hasira akitaka kuzuia kuvuja, kila akikaza kinazidi kupinda. Halafu akapaka gundi nyekundu ya gasketi. Vipande vya gundi hiyo nimevikuta hadi kwenye njia ya hewa.

O-ringi yenyewe haipo. Kuna uzi mweusi mgumu tu. Unafanana na kamba ya kiatu iliyoungua.

Sasa chaguo. Nimeyaandika hapa ili nisijidanganye baadaye:

Kukarabati Zenith hii. Kununua Weber 34 ICH, ambayo watu wengi wenye 2.25 wanaihamia, inakuja na bamba la kuunganishia, ni nyepesi kuelewa, na sifa yake ni kubana matumizi. Koo lake ni dogo kidogo, 34 badala ya 36, kwa hiyo mlimani unalipa kile ulichookoa tambarare. Au kufuata fundi wangu, anayesema nitafute kabureta ya Datsun na yeye atachonga bamba la alumini.

Fundi anapenda Datsun kwa sababu anaijua. Hiyo si sababu mbaya, nimeiandika pia.

Jumamosi, 1 Machi

Wiki nzima ya simu. Gerezani, Dar: Zenith mpya hakuna, "lakini tunayo Weber, kaka, orijino." Nimeuliza kama boksi lina jeti zenye namba, mtu akanyamaza halafu akasema atanipigia. Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wenyewe bado wanapaita Grogan: kiti ya kukarabati Zenith ipo, gasketi, o-ringi, diaframu, sindano ya boya, shilingi 2,800 za Kenya. Kenya walikuwa na kiwanda cha kuunganishia Thika kilichoanza kama Leyland Kenya mwaka 1974, na Land Rover ziliunganishwa pale, kwa hiyo si ajabu spea bado zinaonekana kwenye makabati upande ule. Ila kiti itachukua wiki mbili. Mtu ninayemwamini hasafiri kila siku.

Uvumilivu ukaniishia. Kwenye duka moja hapa mjini kulikuwa na kabureta mpya, umbo la Weber 34 ICH kabisa, boksi jeupe halina jina. 195,000. Nilijua ni kopi. Nilijisemea kopi nyingi zinafanya kazi. Nimelipa. Naandika hivi usiku, na tayari sipendi jinsi skrubu zake zinavyong'aa.

Jumamosi, 8 Machi

Kuifunga kulichukua asubuhi nzima. Bamba la kuunganishia lilikuja na gasketi moja badala ya mbili. Ya pili nimekata kwa karatasi ya gasketi. Fimbo ya mafuta ilibidi niikunje kidogo ili kipepeo kifunguke chote. Hili watu wanalisahau: kaa chini ya boneti, mwambie mtu akanyage hadi mwisho, uone kwa macho kama kipepeo kimesimama wima. Changu kilikuwa kinaishia robo tatu.

Ikawaka. Na sailensa, lazima niseme ukweli, ilikuwa tamu. Nimeweka glasi ya maji juu ya kofia ya valvu, maji yanatetemeka tu bila kumwagika. Mke wangu alitoka nje kuuliza kama gari limezima.

Mchana nikapanda nalo kuelekea Monduli Juu, nimebeba mifuko kumi ya pumba. Pale ambapo Zenith, pamoja na uchafu wake wote, ilikuwa inapanda kwa gia ya tatu, hii imeomba ya pili, na karibu na juu ikaanza kukohoa. Niliposimama kwenye mteremko, pua ikiwa juu, petroli ikamwagika kutoka kwenye tundu la pembeni hadi kwenye manifoldi ya moto. Nikazima upesi, nikafungua boneti, nikasimama kando na kopo la mchanga. Haikushika. Mikono ilitetemeka dakika kumi.

Nyumbani nimeifungua. Boya, lile linaloelea kwenye petroli na kuisukuma sindano ifunge, linagusa ukuta wa chumba chake upande mmoja. Kuna mkwaruzo unaong'aa pale linaposugua. Gari likiinama, boya linang'ang'ania pale, sindano haifungi. Nikatoa jeti kuu. Imeandikwa 140, yaani tundu la 1.40 mm kwa desturi ya Weber. Nikachukua keeni zangu za kutobolea: ya 1.5 imeingia bila kulazimisha. Namba ni pambo.

Nimerudi dukani, nikapewa sentensi ile inayobandikwa ukutani kuhusu mali ikishatoka. Basi. Nasema hivi kwa atakayenunua 34 ICH: nunua iliyo halali, ina kazi nzuri. Kopi ya boksi jeupe, angalau ifungue pale pale kaunta, geuza kifuniko, boya lishuke na kupanda lenyewe bila kugusa kitu, ndipo utoe pesa.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi kaja na hoja yake ya Datsun tena. Tukaenda kwa jirani yake mwenye 109 iliyofungwa kabureta hiyo, ya koo mbili. Imekaa juu ya bamba la alumini la sentimita mbili, imefungwa kwa ustadi, siwezi kubisha. Inawaka asubuhi. Ila mwenyewe anaendesha kwa kudunda mafuta kwa mguu, pa-pa-pa, na ukimwuliza anasema "imezoea hivyo." Ile kabureta imepangiwa injini ndogo yenye pumzi fupi. Injini ya 2.25 inavuta polepole na kwa wingi. Koo la kwanza linaishiwa, la pili linafunguka kwa kuchelewa, na katikati pana shimo ambalo mguu wake unaliziba. Ili iwe sawa unatakiwa ubadilishe jeti zote, na hapo unarudi kwenye swali lilelile: jeti utazipata wapi?

Njiani kurudi tumepita kwa muuza chuma chakavu kule karibu na reli. Nilikuwa natafuta vipini vya mlango. Chini ya rundo la rimu, ndani ya ndoo ya rangi, kuna kabureta saba. Tano ni Zenith 36 IV.

Nilikaa pale nikachekelea peke yangu. Mji huu una Land Rover nyingi hadi Oktoba mwaka jana walizikusanya kwa tamasha na foleni ikajaa barabara. Kila moja iliyobadilishwa kuwa dizeli imeacha kabureta yake mahali fulani. Mimi nilikuwa napiga simu Dar na Nairobi nikitafuta kitu kizima, kumbe hapa kuna makaburi yake. Kabureta inayofaa mahali ni ile ambayo maiti zake zinapatikana karibu. Nimenunua mbili zilizovunjika masikio lakini zenye jeti, 15,000 kila moja. Fundi naye, kwa mara ya kwanza, amesema: "Haya, tufufue."

Jumamosi, 15 Machi

Kiti imefika jana na basi la Namanga, kwenye bahasha ya kaki.

Kabla ya kuiamini o-ringi yoyote nimefanya jaribio. Kizibo kimoja cha soda chenye petroli na o-ringi ya kiti, kingine chenye petroli na o-ringi niliyonunua duka la vifaa vya maji kwa 500. Nimeziacha tangu jana usiku. Asubuhi ya kiti iko vilevile. Ya dukani imevimba hadi haiingii kwenye mfereji wake. Ni ya maji, haijui petroli. Nadhani hii ndiyo ilikuwa hadithi ya wengi walionitangulia: wanaweka, inavimba, inasukuma kifuniko, wanakaza zaidi.

Halafu kazi ya kioo. Nimetoa kioo cha zamani cha dirisha, unene wa milimita 6, nimekilaza juu ya meza, nimebandika msasa namba 400 kwa maji. Nimechora mistari ya kalamu nyekundu inayopishana juu ya uso wote wa kifuniko. Unasugua kwa umbo la nane, polepole, huna haja ya kubonyeza, uzito wa mkono unatosha. Baada ya mizunguko ishirini nikageuza: wino umefutika kwenye pembe mbili tu, katikati bado mwekundu kabisa. Hapo unauona upindo kwa macho. Mizunguko mia moja na kitu baadaye, wino umebaki kama ukucha pale karibu na tundu la o-ringi. Nikaendelea. Ulipokwisha nikahamia msasa wa 800, nikafanya vilevile kwa uso wa bloku ya jeti. Saa mbili na nusu. Rula na tochi tena: giza upande hadi upande.

Jeti kuu ya kabureta yangu imeandikwa 125. Keeni ya 1.4 imepita. Mtu aliipanua kwa waya au kwa keeni, pengine siku ambayo chujio la hewa lilikuwa limeshajaa tope na gari halivuti, akadhani lina njaa. Za kwenye zile maiti mbili pia ni 125, na keeni ya 1.3 inakataa kabisa. Nimechukua iliyo safi zaidi.

Mafundi wengine, wakitaka kupunguza mafuta huku milimani, wanapitisha unywele mmoja wa waya wa shaba ndani ya jeti. Si upuuzi. Kwenye mita 1,400 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 13 kuliko Dar, na kabureta haijui, inaendelea kumwaga kana kwamba iko Kigamboni. Lakini nitaanza na jeti halali, waya baadaye kama plagi zitaniambia.

Jumanne, 18 Machi

Mhimili wa kipepeo unacheza. Ukiushika kwa vidole unasikia tik-tik. Hewa inaingia hapo, na sailensa haiwezi kutulia. Nikaupeleka kwa mzee wa kerezo. Mwezi huu wa Ramadhani anafunga banda saa nane, kwa hiyo nilifika saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii ya nani?"

"Ya baba. Pikapu ya 109."

Akaizungusha kwenye mwanga. "Kijana wangu, hii nilishawahi kuichonga. Bushi hii ni mkono wangu." Kweli, upande mmoja kuna bushi ya shaba ambayo haikutoka kiwandani. Akaangalia upande wa pili, ulioliwa. "Nilimwambia afanye zote mbili. Akasema hela hana."

Huyo ndiye mzee wetu hasa. Amechonga bushi ya pili kwa 20,000, akanipa mhimili unaozunguka bila kucheza na bila kubana. Hakutaka hata kuujaribu mbele yangu, alinikabidhi akarudi kwenye mashine.

Jumapili, 23 Machi

Nimefunga kila kitu. Gasketi kavu, hakuna gundi hata tone. Skrubu za kifuniko nimekaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa bisibisi fupi ili nisipate nguvu ya kuharibu.

Kabla ya kuwasha nimemwaga petroli iliyokuwa kwenye glasi ya pampu ya mafuta. Chini yake kulikuwa na kutu laini na matone mawili ya maji yanayotembea kama zebaki. Tanki lina lake la kusema, tutafika. Nimeweka chujio dogo la plastiki kabla ya pampu, nimesukuma ile wenzo ya mkono mara kumi na tano hadi ikawa nzito.

Skrubu ya mchanganyiko nimeifunga taratibu hadi mwisho kisha nimerudisha mzunguko mmoja na nusu. Choki nje, stata. Ya pili imeshika. Nimeliacha lipate moto, nikarudisha choki, nikachungulia kooni kwa tochi. Mdomo mkavu.

Nikazungusha skrubu ndani: injini inadhoofika. Nje: inadhoofika upande mwingine. Inasikia! Wiki sita nilikuwa nazungusha skrubu hiyo kama mtu anayeongea na ukuta. Nimeiacha kwenye mzunguko mmoja na robo, pale sauti ilipokuwa nene.

Kutafuta mahali hewa inapoingia nimepuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kuzunguka kitako. Sauti ilibadilika kwenye pembe ya manifoldi, nyuma, si kwenye kabureta. Nati moja ya manifoldi imelegea. Spana ya nusu inchi, robo mzunguko, kimya. Dawa hii inashika moto haraka, kopo la mchanga lilikuwa mguuni.

Jumamosi, 29 Machi

Monduli Juu tena, mifuko kumi ileile. Gia ya tatu hadi juu. Pale penye kona ya mwisho nilikanyaga kidogo nikitaka kuona, ikaongeza. Niliposimama mteremkoni pua juu, nilishuka kukagua: kukavu.

Nimezima pale pale juu, nikatoa plagi ya 1 na ya 4 zikiwa za moto, na wamama waliokuwa wanasubiri daladala wakanihurumia wakidhani nimeharibikiwa. Ya 1 ina rangi ya chai ya maziwa. Ya 4 ni nyeusi kiasi, pengine ni ule mgandamizo wake. Waya wa shaba kwenye jeti sihitaji.

Matumizi: lita 20 tangu Jumatatu, kilomita 109. Nimepiga hesabu mara mbili kwa sababu namba hiyo ilinichekesha. Karibu 5.5 kwa lita.

Hesabu ya pesa, kwa anayetaka kujua: vya distributa 58,000, kiti na usafirishaji karibu 70,000, maiti mbili 30,000, bushi 20,000, msasa na chujio 9,000. Ile ya boksi jeupe 195,000, ambayo peke yake inazidi vyote hivyo vikijumlishwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Masika yameanza kweli. Jana usiku gari lilizima Kisongo katikati ya dimbwi; nimefuta kofia ya distributa kwa shati, likaondoka. Nitakata kipande cha tairi la ndani nikifunike.

Leo nimelala chini yake kutafuta oili inayodondoka nyuma. Nilipeleka sampo ya sili ya nyuma ya krankishafti dukani na swali la kwanza lilikuwa: beringi tatu au tano? Injini hii ya 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu hadi kama 1980, ndipo wakaleta ya beringi tano, na vitu vya ndani haviingiliani vyote. Gari ni la 1978, lakini mzee wetu alishawahi kubadilisha bloku, na hakuwa mtu wa kutunza risiti. Nimefungua sampu ya oili, nimelala chali na tochi mdomoni, nimehesabu kofia za beringi.

Moja, mbili, tatu, nne, tano.

Kesho nampigia jamaa wa Grogan. Na ile kabureta ya boksi jeupe fundi ameiomba, anasema boya atalikuna kwa msasa aifunge kwenye pampu ya maji ya shamba, kule tambarare ambako hakuna kuinama.